Fomu ya Kitanda cha Kumi na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Nimejaza fomu arobaini za maoni ya wagonjwa leo, wodi ya upasuaji. Swali la sita: "Ulipolalamika maumivu, ulisikilizwa?" Wenye mji wanajibu bila kigugumizi, wengine wanaomba karatasi ya ziada watoe dukuduku lote. Watu wa kabila letu, sisi wa milimani – wote "vizuri sana". Hata yule baba aliyekuwa anatetemeka mpaka kitanda kinalia! Bosi kafurahi. Anasema takwimu zimethibitisha hatubagui mtu.
Miaka mitatu hapa, hakuna anayejua nimetoka wapi. Lafudhi niliiacha shuleni.

Jumanne, 5 Machi
Shangazi kalazwa! Wamemkata kidole tumbo asubuhi, yuko kitanda cha kumi na moja. Huyu ndiye aliyenilea tangu mama afariki. Nilipopita na mafaili akaniita kwa kilugha chetu, kwa sauti ile ile ya kuitia mbuzi. Wodi nzima ikageuka. Sista mkuu akacheka – eti huyu bibi kila anayepita ni ndugu yake.
Nikacheka naye. Mungu anisamehe, nikacheka.

Alhamisi, 7 Machi
Shangazi kaomba dawa ya maumivu saa tatu. Jirani yake, mama wa kitanda cha kumi na mbili, mwenyeji, kaomba saa tatu na nusu. Kachomwa sindano palepale, na pole juu. Shangazi kaambiwa asubiri. Saa sita bado anauma shuka.
Nikamuuliza sista mkuu, kwa sauti ya kikazi kabisa. Akanisogelea kama anayenipa umbea: hawa wa milimani ngozi yao ngumu, kulia ni mazoea, ukiwaendekeza hufanyi kazi nyingine.
Nikasema ahsante. Ahsante!

Jumamosi, 9 Machi
Homa. Mshono unatoa usaha. Daktari akafoka, mbona hili halikuandikwa? Sista: mgonjwa hakusema.
Mama wa kumi na mbili akajiinua kwa kiwiko. "Amesema. Nimemsikia mara nne."
Mimi nilikuwa pale pale, kalamu mkononi. Mtu baki kamtetea. Mimi, damu yake, nikatazama sakafu.

Jumatatu, 11 Machi
Nimesema. Mbele ya wodi nzima: "Huyu ni shangazi yangu." Lafudhi ikatoka yenyewe. Sista akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Kumbe." Basi – kumbe tu.
Nikavuta kiti, nikatoa fomu. Nikamwambia Shangazi aseme yote, nitaandika neno kwa neno, bosi atasoma. Shuka, chakula, usafi – tukaenda vizuri. Swali la sita nikamsomea kwa kilugha. Akatazama mlangoni, sista alikuwa anapanga sindano kwenye trei.
"Andika vizuri sana, mwanangu."
"Shangazi! Na zile siku zote?"
"Kesho wananifungua tena. Kule ndani utakuwa na mimi wewe, au yeye?"
Akanifuta jasho la usoni, yeye mwenye homa, kwa ncha ya kanga yake.
Sasa niko ofisini. Visanduku vyote vina alama, kasoro cha sita. Bosi kashachungulia mara mbili, anauliza kama ya kumi na moja iko tayari. Nimemwambia bado kidogo. Anakuja tena, nasikia viatu vyake koridoni –