Kubloke Haiko Kifungo

Kapata, Kolwezi

Kwa dada yangu mukubwa, Yaya Jeanne,

Amani ya Bwana wetu ikukute umekaa, isikukute umelazwa. Magoti namna gani? Na dawa ya presha, unaimeza kila siku, ao unaiachaka siku unajisikia muzuri, kama desturi yako? Batoto je? Mihogo je? Siye huku tunapumua. Sisemi tuko bazima sana. Tunapumua, na kwa ile tunashukuru Mungu.

Mwaka huu Kolwezi imetushika pa shingo. Mu kantini banapunguza bapishi. Tumebakia bachache mbele ya masufuria ya bukari ya unga, na kila asubui najiuliza kama leo njo jina yangu itaitwa. Baruti ya carrière, kule banachimba shaba, ilipasua ukuta ya chumba batoto banalala. Niliziba na udongo, ikapasuka tena. Courant ya umeme nayo, hata kama barrage ya maji ya Nzilo iko hapa karibu, tunaiona kama mugeni: inapita kusalimia, inaenda zake.

Lakini haiko juu ya ile njo nimeshika kalamu. Chofere wa kamio, ile lori inaletaka samaki toka Bukama, alitukuta Jumapili tukitoka Misa, akanitolea ujumbe wako mbele ya batu: "Papa Ilunga, dada yako anasema hivi: Ngoie arudi Bukama na hii kamio. Mutoto iko na blocage, amefungwa, kanisa ilishaona. Aende kuombewa na kufunga kula." Ngoie, mutoto wako, alikuwa pembeni yangu. Alisikia yote.

Yaya, kosa ilianzia pa telefone. Siku ile ulipiga, mutoto wangu wa mwisho akakujibu, "Ngoie iko anabloke." Ngoie akashika telefone, naye akasema mbio-mbio, "Mama, niko nabloke, usinipigie mpaka examen iishe." Weye ukakimbia kwa pastere na machozi. Nakuelewa. Hata huku tunaombeaka batu benye blocage: blocage ya ndoa, blocage ya kazi, blocage ya uzazi. Lakini mu kinywa ya banafunzi ba université, kubloke haiko kifungo. Ni kujifungia na silabusi, karatasi za masomo, kusoma kwa nguvu mpaka kichwa ipate moto. Mutoto wako alikuwa anakuambia: mama, natumika kazi. Weye ukasikia: mama, nimefungwa.

Sasa sitakuficha kitu. Ni kweli alianguka session ya kwanza ya examen. Lakini chofere anasema pastere aliona ni baba yake marehemu njo anamufunga: ile mi nakataa. Alikuwa na mwenzake, Kalenga, mutoto wa Bakasai ba mutaa ya Dilala. Balikuwa banasoma pamoja tangu mwaka wa kwanza. Baba ya Kalenga alipoteza kazi, kijana akashuka mu mashimo na bachimbaji. Alimuambia Ngoie, "Unishikie nafasi mu auditoire ya masomo, narudi." Udongo ikamushukia. Tulimuzika bila kufungua sanduku.

Kiisha pale, Ngoie alikuwa anafungua silabusi, macho inabakia pa ukurasa moja mpaka giza inaingia. Unajua jirani wetu, yule anatengenezaka mapikipiki? Anamutaniaka kila asubui: "Eh, mademoiselle ingénieur! Ile diplôme utaifungia makala ya jiko?" Zamani alikuwa anamurudishia: "Nitafungia, papa, lakini utanunua kwa bei ya ingénieur!" Kiisha mazishi alikuwa anapita kimya. Ile kimya njo iliniogopesha kupita kuanguka kwake.

Niliomba sana. Kisha nikaona Mungu hatakuja kufungua silabusi pa nafasi yetu. Nikamuambia, "Mwipwa, sikuombe upende masomo. Nakuomba tu ukae pa kiti."

"Mujomba, sina hamu."

"Hamu iko nyuma, inakuja na miguu. Weye tangulia."

Basi tukaanza kidogo kidogo. Telefone anaiachia mama ya batoto. Jua ingali juu, anakaa pa meza mu kiwanja, anasoma kipande, halafu anafunika silabusi na kunieleza, mi nachagua maharagi. Chimie mi sijue hata neno. Namuuliza tu, "Ile acide inatafuta nini kwa shaba?" Mara ya kwanza alikasirika: "Mujomba, haitafute kitu, haiko mutu!" Lakini ilibidi atafute maneno ingine, na pale maneno ilimukosa, alijua njo pale hajashika. Zamani alikuwa anameza mistari tu kama kasuku. Sasa pahali palipomushinda leo, kesho anarudilia kabla ya kuanza ya mupya. Kuko siku anaandika mustari moja, analia, anainama juu ya meza. Lakini anakaa. Na kweli, Yaya, hamu ilianza kufika. Siku moja nilitoka kazini, nikamukuta ameshakaa pa kiti, hakuna mutu alimutuma.

Njo pale ujumbe wako ukafika. Tangu Jumapili anakaa, lakini hasome. Jana aliniuliza, "Mujomba, kama mama mwenyewe ameona kifungo, labda Kalenga alikufa kwa sababu yangu?" Nilimushika mukono tu. Hii sasa njo blocage ya kweli, na iliingia kupitia kinywa yetu siye bazazi.

Session ya pili iko karibu. Akipanda kamio, mwaka unakufa, na sione kama atarudi. Mumuombee kule kule, maombi haiulize barabara. Balioko na nguvu bafunge kula. Weye na presha yako, hapana. Yeye akule, alale, asome. Najua mi ni mujomba, niko na neno juu ya mwipwa. Lakini sitaki kumushika kwa nguvu mama yake akiwa anamuita. Nataka asikie kwa sauti yako weye, neno lile lile: "Bloke, mutoto wangu."

Unisalimie mama mudogo Kabange, aliyetulea siye bote, na kaka Mwamba muvuvi, na mukwe wetu mwalimu, na mujane wa ndugu yetu pale pa soko. Mama ya batoto anakusalimia. Ngoie alisimama hapa nikiandika.

Pa telefone maneno inapinda, ndiyo maana nimeandika. Barua hii namupa chofere. Safari hii nimekatala Ngoie asipande kamio. Chofere amesema atarudi kabla ya examen, na kama ungali unasema vile vile, atamuchukua Ngoie. Yaya, nakuomba, unijibu mbio.

Ndugu yako mudogo,
Ilunga