Nusu Saa Mpaka Goma

Jumatatu, 4 Novemba
Hesabu, darasa la sita. Watoto wanasinzia, mwalimu naye. Mchana nimempelekea Riziki uji hospitalini. Hakuonja. Tumbo la mdogo wangu limekuwa gumu, ukiligusa tu analia. Daktari anasema utumbo umeziba, na hapa Walikale kwa sasa hakuna wa kumpasua. Apelekwe Goma upesi. Naogopa.

Jumanne, 5 Novemba
Nafasi imepatikana kwenye ndege ya mizigo, nyuma ya magunia. Rubani anasema kilomita hazifiki mia na hamsini, nusu saa angani. Kwa barabara ni matope na vizuizi vya wenye bunduki. Mgonjwa hafiki.

Nimefunga nguo zake. Mama amekataa. Kwetu anayekwenda mbali, mgonjwa hasa, hatoki kabla mjomba hajamnyunyizia maji na kuwaomba wahenga wamfungulie njia. Mama huyuhuyu, kila Jumapili yuko mbele kwenye kwaya! Na mjomba, Papa Kabamba, yuko shambani kwake ndani ya msitu. Kumtuma mtu na kumleta si kazi ya leo.

"Bila muyomba wake, mutoto wangu hatoke," akasema, akaketi mlangoni pa wodi. Nimegomba hadi sauti imekauka. Riziki mwenyewe akasema tungoje.

Pikipiki zikasimamishwa, ndege ikatua barabarani kama kawaida yake, maana uwanja hatuna. Ikashusha sabuni na bia, ikaruka. Rubani ameahidi kurudi kesho. Tumemtuma jirani msituni.

Jumatano, 6 Novemba
Mvua. Ndege haikuja. Mjomba pia. Nina hasira na Mama, na mvua, na Mungu. Anisamehe baadaye.

Alhamisi, 7 Novemba
Mvua tena. Riziki anatapika kijani. Mjomba amefika alasiri, matope hadi magotini, anahema. Mzee wa watu, amekuja karibu mbio. Akamnyunyizia maji, akataja milima na mito yote ya kuvuka mpaka Goma, mmoja mmoja. Riziki alitabasamu.

Baraka tunayo. Ndege hatuna.

Ijumaa, 8 Novemba
Riziki amefariki alfajiri. Saa nne jua likawaka, ndege ikatua.

Siwezi kuandika.

Jumapili, 10 Novemba
Tulimzika jana. Mama ameshinda ndani. Hakwenda kanisani.

Jioni mjomba amekuja kuketi nami karibu na jiko. Akauliza, kwa ndege watu wanalala wapi njiani. Yeye Goma alikwenda ujanani, kwa miguu, akapitia Masisi. Alilala Nyamitaba, akalala na kwingine kwingi. Nikamwambia hawalali. Nusu saa. Unabandika maharage hapa, unafika kule hayajachemka vizuri.

Hakuniamini. Nikarudia. Mjomba akasukuma kuni motoni.

"Safari ya kuenda na kurudia siku moja, hatuiombeake baraka, mutoto wangu. Ile iko kama kuenda soko. Hata bila mimi, mungeenda tu ile Jumanne."

Mama alikuwa ndani, mlango wazi, anamenya mihogo. Kisu kikanyamaza. Baadaye kikaendelea.