Salamu Katikati ya Mieleka

Kamukuzi, Mbarara
Jumatatu

Baba mpenzi,

Nakusalimu kwa heshima. Goti uliloumiza Jumamosi linaendeleaje? Na kikohozi cha Mama? Mimi ni mzima. Bado nalea watoto wa Mama Zuhura, na mchana namsaidia dukani kukunja vitenge.

Baba, uliondoka bila kuniaga. Najua sababu. Ulipomsalimia mpinzani wako katikati ya mieleka, uwanja wote wa kambi ya jeshi ulinyamaza, ilhali huko kwetu Misiera watu hucheka hadi wanakaa chini. Dereva anayeleta barua hii ameniambia unataka kuacha mieleka ya kuchekesha. Nisikilize kwanza.

Jana watoto waliigiza pambano lenu uani. Saidi, mkubwa, aliinua ngumi. Mdogo wake Hamisi akamshika mkono mwingine kwa adabu.

"Mzee, ng'ombe wameamkaje?"

"Vizuri," Saidi akajibu, amenuna, ngumi bado juu.

"Na ndama?"

"Ndama pia. Sasa nakuvunja."

"Na yule wa madoa, aliacha kuhara?"

Ngumi ikashuka polepole. "Bado kidogo."

Mama Zuhura alicheka hadi mtandio ukamdondoka.

Ndipo nikaelewa. Saidi alitaka kupiga kweli, adabu ikamzuia. Hapa hakuna anayeweza kumpiga mtu anayemuulizia ng'ombe wake. Lakini yule askari kijana uliyepangiwa Jumamosi alikuwa anatabasamu kabla hujafungua mdomo. Hakuwa na hasira, basi salamu ingezuia nini? Nawe ulipoona kimya ukaharakisha, ukauliza ng'ombe, ndama na mke kwa pumzi moja. Mwambie mpinzani anune kwanza, Baba. Nawe ungoje akujibu.

Kuna jambo jingine. Jumamosi, tukiwa nyuma kati ya watazamaji, Mama Zuhura aliniuliza, "Huyu mzee wa kaptula nyekundu katoka wapi?" Nikasema sijui. Niliona aibu kukutaja, Baba. Jana, akiwa bado anafuta machozi ya kicheko, nilimwambia, "Mchezo huo ni wa baba yangu. Ndiye yule."

Akanitazama. "Na ulikaa kimya, mtoto wewe? Akirudi tutakaa mbele."

Nisalimie Mama, shangazi muuza samaki, na mdogo wangu anayelalia mkeka wangu.

Njoo, Baba. Ukiingia uwanjani, tazama mstari wa mbele kabla ya kumtazama mpinzani. Nitasimama nikusalimie, hata kama wote wananiangalia.

Binti yako,
Neema