Baraza la Futi Sita

Mama,

Nakuomba kwanza, kabla hujafika mstari wa pili: haya yabaki kwako. Usimwambie Baba, kama mmeshaonana huko. Bibi ndiye kabisa usimwambie, maana Bibi hakuwahi kulala na neno tumboni hata siku moja. Mimi ni karani, najua maneno yakishaandikwa yanavyotembea. Lakini nisipokuandikia wewe nitamwambia mtu aliye hai, na hapo nitakuwa nimekwisha.

Nimekuchora, Mama.

Sijui niseme vipi. Tangu tukuzike nimehamishiwa chumba cha ramani, hapa hapa Sumbawanga mjini, kwa sababu mwandiko wangu ni safi na mkono wangu hautetemeki. Ulikuwa hautetemeki. Kazi yangu ni kunakili ramani za vijiji vipya, maana sasa watu wote wanatolewa mashambani na kuwekwa pamoja, nyumba kwa mstari, barabara katikati. Afisa wetu, mtu wa Pwani, aliona nyuma ya kila nyumba ni patupu. Akasema, "Ndugu Karani, mtu haishi chumbani. Nichoree ua wa mfano, pa kupikia, pa kukaa, pa kupokea wageni. Kila nyumba ifuate huo." Mwenyewe alikuwa ameanza kuchora kibaraza upande wa mashariki, watu wapate upepo. Upepo, Mama! Mwezi wa saba, Ufipa! Nilicheka, halafu nikaogopa kwamba nimecheka. Akasema, "Basi chora wewe, mwenye baridi yako."

Nikachora uani kwako. Ua mwingine siujui.

Niliweka jiko mashariki, lizuie upepo, na ukuta wake wenye moto upande wa pili uwe wa kuegemea mgongo. Niliweka migomba pale maji ya kuoshea vyombo yanapomwagika. Niliweka kijia cha mgeni, apite asikanyage ulezi ulioanikwa. Niliweka mfyulisi, ule mti wako wa matunda, upande wa magharibi, kwa sababu wakati wa baridi unapukutisha majani na kuliachia jua la jioni lipite. Nilikumbuka ulivyohamisha kigoda chako mwaka mzima, leo hapa, kesho pale, majirani wakisema umechanganyikiwa, na wewe ukijibu, "Usijenge pa kukaa kabla hujakaa." Nilichora siku mbili, na kwa mara ya kwanza tangu msiba kifua changu kililegea.

Afisa akapitisha kidole juu ya karatasi, akisifu. Jiko, vizuri. Migomba, vizuri. Kidole kikafika chini ya mfyulisi, kikasimama.

"Na hiki?"

Nikatazama. Mama, mkono wangu ulikuwa umechora kaburi lako. Tuta lako, pale pale ulipoomba tukuzike, na jiwe lako la kusagia kichwani. Naapa sikukusudia. Ua wetu sasa uko hivyo, basi mkono ukauchora ulivyo.

Ningesema kweli. Mtu mwingine angesema. Mimi nilisikia sauti yangu ikijibu, "Baraza la udongo, Ndugu. La kukalia."

"Na jiwe?"

"Pa kuweka mtungi."

"Safi sana. Urefu?"

"Futi sita."

"Upana?"

"Mbili."

Akaandika. Jioni ile ile ramani ikadurufiwa, ikapelekwa.

Nilijiambia hakuna atakayehangaika na baraza. Watu wanahangaika na paa. Lakini wiki iliyopita nilipandishwa kwenye Landrova niende kuandikisha kaya katika kijiji kipya, ule upande wa njia ya Kasanga. Nilizunguka nyuma ya nyumba ya kwanza, na hapo nikasimama. Tuta la udongo mwekundu, futi sita kwa mbili, bichi, kama siku ile. Jiwe kichwani. Nikaenda ua wa pili. Lipo. Wa tatu. Lipo. Niliangalia mstari mzima wa nyumba mpaka mwisho, Mama, na katika kila ua ulikuwa umelala wewe.

Na watu wamekukalia! Mwanamke mmoja amemlaza mtoto wake juu, anachambua maharage pembeni, kaegemea jiko, jua linampiga usoni, wala upepo haumgusi. Bibi mmoja akaniita, "Karibu uketi, binti. Mbona umesimama kama aliyeleta habari ya msiba?" Wenzake wakacheka. Nikasema nina haraka. Akasema, "Serikali safari hii imetuma mtu mwenye akili. Huyu aliyechora baraza hili anaijua baridi."

Sasa nikuambie lililo baya zaidi. Kwetu hakuna mtu tena. Lori lilikuja likabeba wote, na nyumba zimeezuliwa. Sikukuambia mapema, nilishindwa. Hapo ulipo huna jirani, Mama. Mfyulisi wako unaangusha matunda na hakuna wa kuokota.

Na waliobebwa waliletwa kijiji hicho hicho. Mjomba yumo.

Nilimkuta amesimama uani kwake, mikono nyuma, akilitazama tuta ambalo vijana wa kijiji walimjengea. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia marahaba. Aliuliza tu, "Nani amemleta dada yangu hapa?"

Yeye ndiye aliyelibeba lile jiwe siku ya maziko. Ningemdanganya vipi? Nikamwambia yote, hapo hapo, kwa sauti ya chini. Unajua alivyo. Hakutaka kuhama. Alishikilia mlango wake mpaka walipomtoa. Na sasa ana neno moja tu mkononi, na akilitoa, kijiji kizima kitatawanyika kabla ya jua kuzama. Nani atalala penye kaburi ambalo serikali imemchorea mapema? Yeye angerudi kwake, kwako. Na mimi ningeulizwa nilitumwa na nani kuvuruga, na nani angeamini kwamba ni mkono tu?

Alilizunguka lile tuta mara moja. Kisha akasema, "Umemkalisha kila mtu hapa. Wewe mwenyewe umeshakaa?"

Sijakaa, Mama. Hapa wala kule. Tangu wamwage udongo wa mwisho sijasogea karibu yako. Nilisimama mbali, nikarudi mjini na basi la kwanza, nikasema kazi.

"Nakupa mpaka Jumamosi," akasema Mjomba. "Ukija ukaketi, hili ni baraza, nami nitakufa na siri yako. Usipokuja, ni kaburi, na nitawaambia wenye nyumba zao."

Nimehesabu siku kama mtoto wa shule. Nimeogopa ofisi, nimeogopa Afisa, nimeogopa kila mlango ukigongwa. Lakini nikiandika hivi naona kwamba ninachokiogopa kweli ni kuketi, kwa sababu nikiketi utakuwa umekufa.

Nitakwenda. Nakuahidi. Nimeomba ruhusa, nimesema namwuguza Mjomba. Na mvua zikikatika nitakwenda na kule kwetu, niokote fyulisi, nizipande mbegu zake katika kila ua niliouchora, maana baraza nimewapa lakini kivuli bado.

Kwa heri, Mama. Nilikosa kukuaga, nakuaga sasa.

Ukitaka kunipata, usije ofisini, kuna watu. Usije ndotoni, nalala chumba kimoja na mwenzangu na nikipiga kelele atauliza. Njoo Jumamosi, jua likishaanza kulegea. Nyumba ya Mjomba, ya pili kutoka kisimani. Usipige hodi mbele. Pita kijia cha mgeni, zunguka jiko, upande usio na upepo. Utanikuta nimeketi.