Koti Jeupe Linaloning'inia Dukani

Mdogo wangu mpendwa,

Huku sote wazima, ila mimi umenichosha. Nilikuletea binti huko ugenini kwa mafunzo ya vitendo ya miezi mitatu hospitalini, arudi na hamu ya kuwa daktari wa upasuaji. Umenirudishia mkaguzi wa vyoo!

Hata sanduku hajafungua, kaninyang'anya kikombe. "Baba, haya maji yamechemshwa?" Juzi kamuuliza mteja wangu, aliyekuja kupimwa suruali, kama hunawa mikono. Mteja kaondoka na kitambaa chake.

Nami koti jeupe la udaktari nililishona tangu mwaka jana, mtaa mzima umeliona. Sasa anasema huko kwako alizunguka na wapima maji, wakafunga kisima kimoja kichafu, na wodi ya watoto ikabaki na vitanda vitupu. Anataka kusomea afya ya jamii, na fomu inasubiri sahihi yangu kabla ya Ijumaa. Nikamfokea, "Nani atamjua daktari wa visima?"

Akaniuliza taratibu, "Baba, mwaka ule mama alipohara siku nne, kisima chetu kilipimwa?"

Hakikupimwa, mdogo wangu. Wifi yako tukamzika, tukaendelea kuteka.

Nimetia sahihi. Koti nimelitia rangi ya kaki, maana jeupe halifai matopeni, nikaongeza mifuko sita ya chupa za kupimia maji. Anasema mitano ingetosha. Umemharibu kabisa!

Ni mimi kaka yako, ambaye siku hizi hanywi maji bila ruhusa.