Mashavu ya Jaël

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 2025

Leo bantu sita! Bantu sita bamemushika Jaël mashavu na kusema amenenepa muzuri. Mudogo wangu anacheka, anageuka, anaonyesha na mugongo. Harusi ni tarehe 23. Tantine Albertine, dada ya baba, alitoka Kapolowe tangu mwezi wa tano kumutayarisha, na sasa anatembea mutaa wetu ya Kikula yote kama yeye njo alimuzala.

Lakini miguu imekonda. Mashavu tu njo inajaa. Na anakohoa, juma ya ine hii. Nikasema tupime makohozi. Tantine: ni vumbi ya Agosti — na uliona wapi muntu munene na kifua kikuu? Bote bakacheka. Minye laborantine, mupimaji wa hospitali, miaka kumi na moja ya kazi, bananicheka!

Jumatano, tarehe 6 Agosti

Nilimupeleka ku labo kwa nguvu. Nilipaka makohozi rangi minye mwenyewe, nikaangalia mu mikroskopi. Vijiti vyekundu, mikrobe ya kifua kikuu. Vingi. Nikapanguza lentille, kioo ya mikroskopi, nikapima makohozi ya pili. Vyekundu! Nikaandika jina ya mudogo wangu mu registre ya bagonjwa.

Nyumbani nikapindua godoro ya Jaël. Dexa! Mufuko muzima ya dexamethasone, zile vidonge vya kunenepesha banauzisha sokoni kando ya nyanya. Jaël amekubali: mbili asubuhi, mbili mangaribi, tangu mwezi wa tano. Nani alinunua? Tantine. Na anajivuna!

Alhamisi, tarehe 7 Agosti

Nimepiga kelele mpaka jirani akazima radio. Tantine, nikasema, baba alikufa na kifua kikuu, Jaël alikuwa analala kwa miguu yake. Mikrobe iliingia wakati ile. Mu mapafu kuna seli, zinaitwa makrofaji, zinameza mikrobe. Zikiamka sawasawa zinaiua, ao zinaifunga ndani miaka na miaka. Ya Jaël ilifungwa miaka kumi na ine! Dexa inazilaza. Zinameza, ndiyo, lakini haziue. Mikrobe inakula mule, inazaa mule, halafu inatoka.

Tantine alisikiliza kabisa. Kisha: basi, aanze dawa nyuma ya harusi. Bakwe bakijua, batasema tulibapa mugonjwa.

Nyuma ya harusi! Nikamutukana.

Na mubaya zaidi: docteur Ambroise wa kwetu ku kazi amemuanzisha dawa leo, lakini anasema dexa haikatwe mara moja, mwili imeizoea, itaanguka. Ni kupunguza pole pole. Basi minye njo nitamupa ile takataka kila asubuhi. Minye! Na mukono yangu!

Ijumaa, tarehe 8 Agosti

Asubuhi nikamupa kidonge, nikaanza tena kumutukana Tantine. Jaël akasema pole pole: Yaya Gaëlle, weye dada yangu mukubwa, Tantine alinunua tu, minye njo nilimuomba. Siku ya kupima robe ya harusi, mwezi wa tano, weye ulisema nini?

Nakumbuka. Nilisema robe itaingia kanisani na mifupa ndani. Mbele ya couturière, mushonaji, mbele ya bote. Nikacheka kupita bote.

Jaël hakucheka. Sikuona. Muntu anayeona mikrobe hakuona mudogo wake!

Nilikuwa nachekesha tu. Nilikuwa nachekesha tu! Mujinga mukubwa.

Tumepatana: kesho mangaribi atamwambia Jeancy, muchumba wake, yeye mwenyewe. Nikaapa sitasema kintu kwa muntu mpaka Jaël aseme.

Jumamosi, tarehe 9 Agosti

Bamefika mapema, bila kupiga hodi! Mama ya Jeancy, na mujukuu wake ya miezi mitatu mu mikono. Jeancy atakuja mangaribi. Ninaandika jikoni, maji ya bukari, ugali yetu, inachemka bure. Tantine amefunga madirisha yote ya salon, pale bageni banakaa — ju ya vumbi, anasema. Madirisha yote! Mikrobe itatoka wapi?

Nasikia mama mukwe: angalia mashavu hii! Haya, kamata mutoto, ujizoeze.

Jaël anasema hapana mama, mikono yangu ni michafu.

Mikono gani? Kamata!

Amekohoa. Tantine anasema vumbi. Amekohoa tena, na mutoto iko pale, pale pale. Jaël anasema mama, rudi nyuma kidogo, na yule mama anacheka, anadhani anasikia haya.

Jaël ananiita. Yaya. Yaya Gaëlle!

Niliapa. Lakini kinywa yangu ilijua kusema mifupa mbele ya bantu bote. Sasa iseme kifua kikuu —