Kilichokuwa Chini ya Mashine

Mjukuu wangu Kulwa,

Marahaba. Bibi yako anakusalimu. Goti limempa nafuu, ila pamba yetu imekauka yote.

Unauliza kwa nini mkanda wa msumeno wako mpya unatoka kwenye magurudumu kila siku, ingawa umeurekebisha. Ujanani, hapa Geita, nami nililaumu mashine yangu ya kupasulia mbao. Kila asubuhi niliisawazisha kwa kabari na pima maji, nikaandika vipimo katika shajara. Kesho yake imeinama tena. Siku ya tisa niliweka sikio sakafuni, nikasikia sururu. Nikakimbilia shimo la dhahabu la mdogo wangu Masanja, nyuma ya karakana.

"Masanja! Umefika chini ya mashine yangu!"

"Kaka, wewe pasua mbao zako. Dhahabu haijui ukuta wa mtu!"

"Toka, patabomoka!"

"Kesho!"

Sikubishana naye zaidi. Niliita watu tuitoe mashine. Tulipofika nayo mlangoni, sakafu ikazama.

Mashine tuliiokoa. Masanja hatukumpata.

Kagua sakafu yako, mjukuu wangu. Lakini ukisikia mtu chini, iache mashine ianguke.

Babu yako